Kuisoma Nchi kwa Miguu: Matembezi ya Nyikani katika Nchi ya Songwe

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, nyimbo, vyungu na mavazi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyoitazama nchi yao. Mtu anayejua jina la kila mti ulio karibu na nyumba yake, anayetambua kwa mlio ndege asiyemwona, na ambaye akiona unyayo njiani aweza kusema ni wa mnyama gani na alipita lini, mtu huyo ana elimu hata kama hakupata kukalia dawati. Elimu hiyo haikuandikwa vitabuni. Iliandikwa ardhini, nayo ilisomwa kwa miguu.

Katika insha hii tunakusudia kuizungumzia sehemu hiyo ya utamaduni wetu, yaani matembezi ya nyikani na kutazama wanyama, ndege na mimea. Tunafanya hivyo kwa sababu kuna maoni yaliyoenea, hata miongoni mwa watu waliosoma, kwamba kutembea nyikani siku ya likizo kwa ajili ya kutazama tu ni starehe ya wageni. Mwananchi, yasemwa, huenda porini kwa haja: kutafuta kuni, uyoga, dawa, au ng'ombe aliyepotea. Akiisha kupata haja yake hurudi nyumbani. Je, maoni hayo ni ya kweli? Ili tupate jibu tutaitazama historia ya sehemu moja ya nchi yetu, nayo ni Mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, wenye wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe pamoja na mji wa mpakani wa Tunduma.

Nchi Yenyewe

Msafiri apitaye kwa gari katika barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma huona mashamba ya mahindi na kahawa, maduka ya kando ya barabara, na hatimaye misururu ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Akidhani kwamba ameiona Songwe atakuwa amejidanganya. Nchi hii inajulikana kwa kuiacha barabara.

Mbozi ni nchi ya juu, yenye baridi na udongo mzuri wa kahawa. Upande wa kusini, katika Ileje, ipo milima yenye mabonde makali inayoshuka hadi mto Songwe, ambao ni mpaka wetu na Malawi na ambao humimina maji yake katika Ziwa Nyasa. Msomaji asichanganye mto huo na Songwe mwingine, ule unaotiririka kuelekea kaskazini-magharibi na kuingia katika Ziwa Rukwa. Upande wa kaskazini nchi huanguka ghafla kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake limelala Ziwa Rukwa, lisilo na mto hata mmoja unaotoka. Mto Momba nao huteremka huko huko.

Kwa hiyo mvua inayonyesha katika eneo dogo la nchi hii hugawanyika kama ndugu walioachana njia panda. Maji mengine huenda Ziwa Nyasa, na kutoka huko, kwa njia ya mto Shire na Zambezi, hufika Bahari ya Hindi. Mengine huenda Rukwa na kuishia huko, yakikauka kwa jua. Na upande wa pili wa mpaka, katika nchi ya Zambia, mito huingia Chambeshi, ambao ni chanzo cha mbali kabisa cha mto Kongo, na hivyo maji yake husafiri hadi Bahari ya Atlantiki. Mahali ambapo maji huachana ndipo pia wanyama na ndege wa pande mbalimbali hukutana. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuifanya Songwe shule nzuri ya matembezi.

Wenyeji na Elimu ya Msitu

Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba na Tunduma, Wandali na Walambya wa Ileje, na Wabungu wa upande wa Songwe, wote wameishi kando ya misitu ya miyombo au ndani yake. Msitu wa miyombo humdanganya mgeni. Wakati wa kiangazi huonekana umekufa: majani yamepukutika, nyasi zimeungua, ardhi imekuwa nyeusi. Lakini mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, miti huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu, ya shaba na ya dhahabu, kwa kutumia maji iliyoyahifadhi. Mkulima akiyaona majani hayo hana haja ya kalenda. Anajua kwamba wakati wa kunoa jembe umekaribia.

Mvua zikianza, wanawake na watoto huingia msituni kuchuma uyoga. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini yadai maarifa makubwa, maana uyoga unaoliwa na uyoga unaoua waweza kuota chini ya mti mmoja. Elimu ya siku hizi imethibitisha jambo ambalo wachumaji walilijua kwa mazoea: aina nyingi za uyoga unaoliwa huishi kwa ushirika na mizizi ya miyombo. Uyoga huupa mti chakula cha ardhini, nao mti huulisha uyoga. Kwa hiyo miyombo ikikatwa yote, uyoga huo nao hutoweka, hata kama mvua inanyesha vizuri na udongo ni ule ule. Mama aliyekuwa akimwambia bintiye atafute chini ya mti fulani wala si mwingine, alikuwa akimfundisha sayansi.

Tumtaje pia mlembe, ndege mdogo asiyependeza kwa rangi, lakini mwenye akili za ajabu. Ndege huyu hupenda nta, ila hawezi kupasua mzinga wa nyuki. Basi humtafuta mwanadamu, hulia mbele yake, huruka mti hadi mti, na kumwongoza mpaka penye nyuki. Mtu hutoa asali, naye mlembe hupata nta yake. Mwaka 2016 wataalamu waliofanya utafiti pamoja na Wayao warina asali wa Niassa, Msumbiji, walichapisha matokeo yao: mrinaji aliyemwita mlembe kwa mlio maalumu aliorithi kwa wazee alikuwa na nafasi ya kupata asali kiasi cha mara 3 kuliko yule aliyenyamaza au kutoa sauti nyingine. Dunia ilistaajabu. Watu wa nchi za miyombo hawakustaajabu, kwa kuwa mazungumzo hayo kati ya mtu na ndege ni ya tangu zamani.

Zaidi ya hayo, nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa nchi ya wahunzi hodari. Wanyiha, kama jirani zao Wafipa, waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivuo, kisha wakakisafisha katika matanuri madogo. Kazi hiyo haikuanzia kwenye moto. Ilianzia kwenye matembezi: kutafuta mawe yenye chuma, kuchagua udongo wa kujengea, na kutambua miti itoayo makaa makali. Mhunzi asiyeujua msitu hakuwa mhunzi. Majembe yaliyotoka katika matanuri hayo yalilima, yaliuzwa, na yalitolewa mahari.

Uwindaji nao ulikuwa na taratibu zake. Katika nchi nyingi za bara, tangu Unyamwezi hadi pande za Ziwa Nyasa, tembo akiuawa pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mtemi, kwa kuwa ardhi ilikuwa mikononi mwake. Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Sheria kama hiyo ilimfaidi mtawala, na katika karne ya 19 pembe zilipopata bei kubwa pwani na ng'ambo, tembo wengi waliuawa na wenyeji na wageni kwa pamoja. Lakini hata hivyo tunaona jambo moja wazi: mnyama hakuwa kitu kisicho na mwenyewe. Alikuwa katika mpango wa jamii.

Wageni Wenye Daftari

Mwaka 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza ulitoka Dar es Salaam kuelekea maziwa makuu. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi wa Juni, na uongozi ukamwangukia kijana wa miaka 21, Joseph Thomson. Thomson aliupita mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, akapanda nchi ya juu, akavuka hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1880 aliliona kwa mbali, akiwa juu ya milima, ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakilivua na kulitolea chumvi tangu vizazi na vizazi. Akaliita Leopold.

Vitabu vingi humtaja Thomson na kusahau kumtaja Chuma. Huyu alikuwa Myao aliyekombolewa utotoni mwaka 1861 kutoka katika msafara wa watumwa, akamtumikia Livingstone, na pamoja na Susi na wenzake akaibeba maiti ya Livingstone hadi pwani. Katika msafara wa Thomson, Chuma ndiye aliyekuwa mkuu wa wapagazi. Thomson alishika daftari. Chuma alijua namna ya kuuliza njia, kununua chakula, kutuliza ugomvi na kusoma nyuso za wenyeji. Je, ni nani kati yao aliyekuwa mtembezi hodari zaidi? Jina la Leopold limekwisha futika katika ramani, na ziwa limebaki Rukwa. Wakati mwingine ardhi huwa na kumbukumbu nzuri kuliko vitabu.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulichora mpaka kati ya maziwa hayo mawili, na mwaka 1898 tume ya mataifa hayo ilifika kuupima. Wanyamwanga wakajikuta wamegawanywa, wengine wa Mjerumani na wengine wa Mwingereza. Ndege, nyani na nyuki hawakupewa taarifa.

Kisha zikaja sheria za wanyama. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuzuia uwindaji ovyo na kutenga mahali pa hifadhi. Waingereza nao walitunga sheria yao mwaka 1921, na nyingine mwaka 1951. Yafaa tuwe waadilifu tunapozihukumu sheria hizo. Wanyama walikuwa wakipungua kweli, na bila ulinzi baadhi yao wangalikwisha. Lakini leseni ilikuwa ya mwenye fedha na bunduki, na mwenye upinde akageuzwa mwizi katika msitu wa babu zake. Mzungu aliyetembea nyikani na bunduki aliitwa mwana-michezo; Mwafrika aliyetembea huko huko na mkuki aliitwa jangili. Hapa ndipo tunapopata chanzo cha maoni tuliyoyataja mwanzoni. Kutazama wanyama kulionekana kuwa starehe ya wageni kwa sababu kwa muda mrefu mwenyeji aliyeonekana nyikani alidhaniwa kuwa ana kosa. Baba aliyekwisha kamatwa hakumpeleka mwanawe tena porini. Na elimu isiyopelekwa kwa mtoto hufa na mzee.

Jiwe Lililotoka Angani

Katika mteremko wa kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, kipo Kimondo cha Mbozi. Ni pande la chuma lenye urefu wa kiasi cha mita 3, na uzito wake hukisiwa kuwa tani 16. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Zaidi ya asilimia 90 yake ni chuma, na asilimia kati ya 8 na 9 ni nikeli. Hakuna shimo kubwa lililosalia pale kilipoanguka, na kwa sababu hiyo wataalamu huamini kwamba kilianguka maelfu mengi ya miaka iliyopita, hata mvua na udongo vikapata muda wa kulifuta kovu.

Vitabu husema kwamba kimondo hicho "kiligunduliwa" mwaka 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Neno hilo latupasa kulipima. Wenyeji walikijua kabla yake. Alichofanya Nott ni kuwapasha habari watu wa mbali, na hilo ni jambo la maana, lakini si kugundua. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Dakta D. R. Grantham wa Idara ya Upimaji wa Miamba alikwenda kukata kipande. Ilimchukua saa 10 kwa msumeno wa chuma kupata kipande cha sentimita 10 hivi, chenye uzito wa kilo 1. Wengine waliofika baadaye walijaribu kuchokoa vipande vya ukumbusho, na majeraha yao yangali yanaonekana katika ncha ya kimondo.

Baadaye udongo uliokizunguka ulichimbwa ili kionekane chote, ikabaki nguzo ya udongo chini yake, nayo ikaimarishwa kwa saruji. Mwaka 1967, miaka mitatu baada ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kimondo kiliwekwa chini ya ulinzi wa serikali. Tangu hapo makundi ya wanafunzi yamefika, yamekizunguka, yamekipiga kwa vidole na kukisikia kikilia kama chuma kililiavyo, na kurudi nyumbani. Ni jambo jema. Lakini ni mara ngapi mwalimu amewaambia kwamba wamesimama katika nchi ya wahunzi, kwamba watu walioyeyusha chuma cha ardhini walikuwa majirani wa chuma cha angani? Ziara isiyo na historia ni kama chungu kisicho na mboga: kimepikwa, ila hakishibishi.

Nzige na Tembo wa Rukwa

Nchi tambarare za Ziwa Rukwa zilipata sifa mbaya kabla ya kupata sifa njema. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu waliharibu mazao katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya ikweta, na ikabainika kwamba bonde la Rukwa ni moja ya vitalu vyao vikuu. Ziwa hili hupanda na kushuka. Mwaka mmoja maji hufunika mbuga kwa kilomita nyingi, mwaka mwingine hurudi nyuma na kuacha nyasi na udongo mtupu, mahali panapomfaa nzige kutaga. Mwaka 1949 nchi mbalimbali zilianzisha shirika la kupambana na nzige wekundu, makao yake yakawa Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia.

Miongoni mwa wataalamu wa shirika hilo alikuwapo Desmond Vesey-FitzGerald. Kazi yake ilikuwa nzige, lakini kwa kuwa nzige hawatafutwi kwa kukaa ofisini, alitembea katika mbuga hizo mwaka baada ya mwaka, akaona jambo ambalo baadaye lilinufaisha elimu ya wanyama duniani kote. Aliona kwamba wanyama hawali nyasi kwa fujo. Tembo na nyati hutangulia katika majani marefu na magumu, huyala na kuyakanyaga. Nyuma yao nyasi fupi na laini huchipua, na hapo nyamera na wengine wadogo zaidi hupata malisho ambayo wasingeweza kuyafikia wao wenyewe. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1960, na wataalamu wa Serengeti wakayaendeleza katika miaka iliyofuata.

Somo lake ni zito. Ukimwondoa tembo hujaondoa mnyama mmoja. Umefunga mlango ambao wengine wengi walikuwa wakipitia. Leo wanyama wakubwa wa mbuga hizo wamepungua mno, na sheshe, swala wa mbuga zenye maji ambaye zamani alikuwa fahari ya Rukwa, ni adimu. Ndege wa majini, viboko na mamba wangaliko, lakini mzee akisimulia makundi aliyoyaona ujanani, kijana humsikiliza kama anayesikiliza hadithi ya Abunuwasi. Inatisha kwamba wanyama wanapungua. Inatisha zaidi kwamba hata kumbukumbu yao inaanza kudhaniwa uongo.

Wanyama wa Kale Sana

Bonde hilo hilo limehifadhi pia wanyama waliokwisha kabla ya mwanadamu. Katika miamba ya Galula na mahali pengine kando ya Rukwa, wachimbaji wa Kitanzania na wa nchi nyingine wamefukua mifupa ambayo imeleta Kiswahili katika orodha za sayansi. Mwaka 2010 alitangazwa Pakasuchus, mamba mdogo wa ukubwa wa paka, mwenye meno ya kutafunia kama ya mnyama anyonyeshaye, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Jina lake la pili, kapilimai, lilimheshimu marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 alifuata Rukwatitan, na mwaka 2017 Shingopana songwensis, jina ambalo mtoto wa shule ya msingi aweza kulieleza bila kamusi: mwenye shingo pana, wa Songwe. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, ambaye mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Mwaka 2013 lilitangazwa pia taya la Rukwapithecus, wa ukoo wa sokwe, na jino la Nsungwepithecus, wa ukoo wa nyani na tumbili, wote wa miaka milioni 25 iliyopita, wa kale kuliko wote wa koo hizo waliokuwa wamepata kujulikana.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Songwe anayemtupia nyani jiwe shambani anamtupia jirani ambaye jamaa zake wamekaa katika bonde hili kabla ya kuwapo kwa binadamu ye yote. Hatusemi nyani aachiwe mahindi. Twasema ajulikane.

Siku Moja ya Matembezi

Sasa na tuigeuze historia iwe kazi. Mwalimu mwenye siku moja ya likizo, wanafunzi 20 na mzee mmoja wa kijiji anaweza kufanya mengi bila gari wala fedha.

Watoke alfajiri, kabla umande haujakauka, kwa maana asubuhi ardhi ni kitabu kilichochapwa usiku huo. Wajifunze kutofautisha unyayo wa fisi, ambao huonyesha makucha, na wa chui, ambao hauonyeshi, kwa kuwa chui huyaficha. Watazame kwato za pongo, na njia nyembamba ya siafu. Wakisikia ndege, wasikimbilie kumwona. Kwanza wausikilize mlio, kisha wamuulize mzee jina lake na maana ya jina hilo, kwa sababu majina mengi ya ndege ni milio yao yenyewe.

Jua likipanda, wakae chini ya mti. Kila mwanafunzi awe na daftari lenye safu nne: jina la Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au lugha nyingine ya nyumbani, jina la Kiswahili, matumizi, na hali ya sasa, kama kitu hicho ni kingi au kimekuwa adimu tangu mzee alipokuwa kijana. Safu hiyo ya nne ndiyo historia. Wasichukue kila neno la mzee kama sheria. Wamuulize mzee wa pili na wa tatu, walinganishe, kwa maana hata kumbukumbu njema huchanganya miaka. Mchana waweza kufika kwenye kimondo, au kwenye kichuguu kikubwa, au kwenye mabaki ya tanuri kama yapo. Jioni, kwa walio karibu na ukingo wa bonde, wasimame juu na kutazama Rukwa ikibadilika rangi, ndege wakirudi malaloni.

Mwalimu atakayeogopa kwamba siku hiyo imepotea na akumbuke methali isemayo kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mwezi wa Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba kuhifadhi wanyama ni wajibu mzito wa taifa jipya. Mwaka 1980 vyama vya Malihai vilianza kuundwa ili kazi hiyo iingie shuleni. Lakini hifadhi kubwa za mbali haziwezi kumfundisha mtoto wa Momba au Ileje kupenda nchi yake kama hajui jina la mti ulio nyuma ya darasa lake.

Nchi yenyewe hairudi nyuma kutungoja. Reli ya Tanzania na Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilivuka mpaka hapo Tunduma mwaka 1973, ikakabidhiwa kwa nchi hizo mbili mwaka 1976. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa. Hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini mji ukikua wataka makaa, na makaa hutoka katika miyombo, na miyombo ikiondoka huondoka na uyoga, nyuki, mlembe na majina yao. Kupanda miti mipya twaweza. Jina lililosahauliwa na mtu wa mwisho aliyelijua halipandwi tena.

Basi jibu la swali letu ni hili. Kutembea nyikani kwa kutazama si starehe ya kuazima. Mchuma uyoga alitazama, mrina asali alitazama, mhunzi alitazama, na Chuma alitazama kwa niaba ya wengine walioandika. Kilichokuwa cha kuazima ni ile hofu ya kuonekana porini. Na iwe kazi ya walimu na vijana wa kizazi hiki kuirudisha hofu hiyo kwa waliyoileta, na kuzirudisha njia za nyikani kwa wenye nchi.